BARUA TAKA HUTOKA WAPI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Swali hili ambalo ni kichwa cha makala yangu nimeliuliza mara tatu. Mara ya kwanza nililiuliza kwa hasira, mara ya pili kwa dharau, na mara ya tatu kwa kutaka kujua. Ni mara hiyo ya tatu tu nilipopata jibu. Naomba mnivumilie nianze na ile ya kwanza.

Kwetu ni Shelui, katika Wilaya ya Iramba, pale ambapo malori yaendayo Rwanda na Burundi hupumzika baada ya kuteremka mlima Sekenke. Mama yangu huwapikia madereva wali na maharage. Mwaka huu mwezi wa Januari alikuwa ameweka akiba ya shilingi 65,000 za nauli yangu, sabuni, madaftari na godoro jipya. Fedha hizo alikubaliana na mjomba, akaaye Singida mjini, kwamba atamtumia kwa simu ili godoro linunuliwe huko. Jioni moja, mikono yake ikiwa bado na unga, simu ililia na ujumbe ukaingia ukisema kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, kwa maana ile nyingine ina matatizo. Mama alikuwa akiifikiria hela ile ile saa ile ile. Akaituma. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke asiyemjua, naye akadhani ni la mwenye duka la magodoro.

Mimi sikuambiwa neno. Nilirudi shuleni na godoro langu la zamani, nikawa nanung'unika muhula mzima kwamba mama amenisahau. Habari yenyewe niliipata likizo ya mwezi wa Juni, tena kwa jirani. Nilipomwuliza mama, alijibu, "Mwanangu, nilikuonea aibu." Usiku ule sikulala vema. Nilijiuliza kwa hasira: ujumbe huu umetoka wapi, na mtu huyu ni nani?

Tuliporudi shuleni nilidhani nimepata jibu. Mwenzetu mmoja alitusimulia aliyoyasikia katika redio, ya kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, katika ripoti zake za kila robo mwaka huhesabu majaribio ya utapeli kwa simu mkoa kwa mkoa, na kwamba mikoa ya Rukwa na Morogoro ndiyo iliyoongoza. Basi katika bweni letu yumo kijana atokaye Sumbawanga. Tangu siku ile hatukumwita tena kwa jina lake. Tulimwita "Namba Hii". Mimi ndimi niliyelibuni jina hilo, tena nalijivunia. Akipita, tulishika mifuko yetu na kucheka. Yeye hakujibu, ila alianza kula peke yake.

Hiyo ndiyo mara yangu ya pili ya kuuliza, nayo haikuwa kuuliza hasa, maana nilikuwa nimekwisha kuhukumu.

Mara ya tatu ilikuwa katika chumba cha kompyuta. Siku ile mwalimu wetu alitufungulia sanduku la barua pepe la masomo yetu, akatuonyesha jalada la barua taka. Barua taka ni zile zisizoombwa, zitumwazo kwa watu maelfu na maelfu kwa mara moja, ama kutangaza biashara, ama kuiba. Barua moja ilijidai kuwa imetoka kwa mjane wa ng'ambo mwenye sanduku la dhahabu, atafutaye mtu mwaminifu wa kumpa nusu. Nilicheka sana. Sisi tuliozaliwa karibu na Sekenke, mahali palipochimbwa dhahabu tangu siku za Wajerumani, twawaona wachimbaji wadogo wakishinda shimoni kutwa kwa punje isiyojaa ukucha. Hakuna agawaye dhahabu kwa mtu asiyemjua.

Barua ya pili ilijiita ya benki ya London. Mwalimu akatuambia: "Msilitazame jina. Jina aweza kuandika yeyote, kama vile niwezavyo kuandika nyuma ya bahasha kwamba barua hii imetoka Ikulu. Tazameni mihuri."

Akatueleza kwamba kila barua pepe hubeba ndani yake mistari ambayo kwa kawaida hatuioni, nayo ni kama mihuri ya posta. Kila kituo ipitiacho barua huandika saa, na namba ya kompyuta iliyoileta. Mwizi aweza kughushi mihuri ya mwanzo, lakini ule uliopigwa na kituo chetu wenyewe hawezi kuughushi. Basi tuliisoma namba iliyo katika muhuri huo, na mwalimu alipoitafuta katika daftari la dunia la namba hizo, ikaonekana ni ya nchi ya Brazili. Darasa zima likapiga kelele: "Kumbe Wabrazili ndio wezi!"

"Ngojeni," mwalimu akasema. "Mmeipata kompyuta. Hamjampata mtu."

Hapo ndipo somo lilipoanza, nami nitalieleza kama nilivyolielewa, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye.

Barua taka ya kwanza ijulikanayo haikutoka kwa mwizi hata kidogo. Mwezi wa Mei 1978, Bwana Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alitaka kuwaalika watu kutazama kompyuta mpya. Badala ya kumwandikia kila mmoja barua yake, aliagiza tangazo moja litumwe kwa watu wapatao 400 waliokuwa katika mtandao uitwao ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Wengi walikasirika. Jina ambalo Waingereza na Wamarekani wanaziita barua hizi, yaani "spam", ni jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, walionyesha mchezo wa hoteli ambayo kila chakula chake kina nyama hiyo, na jina lake likaimbwa hata wateja wasisikizane. Watu wakaona kwamba ndivyo barua hizi zifanyavyo, huyafunika mazungumzo ya wengine.

Twaweza kuuliza, kwa nini ziwe nyingi hivyo? Sababu ni kwamba gharama yake ni ndogo mno. Barua ya posta hutaka stempu, lakini barua pepe 1,000,000 hazitaki stempu hata moja. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walifuatilia barua taka zilizotangaza dawa. Katika siku 26 zilitumwa barua karibu milioni 350, na watu waliotaka kununua walikuwa 28 tu. Nilipogawanya niliona kwamba ni mtu mmoja kwa kila barua milioni 12 na nusu. Mkulima apandaye mbegu milioni 12 na kuvuna mhindi mmoja angeacha kilimo. Lakini mtu huyu mbegu zake hazimgharimu kitu, na shamba ni la wengine.

Nalo shamba ni la wengine kweli, na hili ndilo jambo kubwa ambalo sikulijua. Mtumaji wa barua taka akitumia kompyuta yake mwenyewe, vituo vya barua vitaijua namba yake upesi na kuifungia mlango. Kwa hiyo huandika programu mbaya, huificha katika picha, mchezo au faili la bure, na mtu akiifungua, kompyuta yake hushikwa. Mwenyewe haoni kitu ila labda uzito kidogo. Lakini usiku na mchana kompyuta hiyo hungojea amri kutoka mbali, na ikiamriwa hutuma maelfu ya barua. Kompyuta zilizoshikwa namna hii huungwa pamoja kuwa jeshi moja, lenye askari laki nyingi wasiojijua kuwa ni askari.

Basi tukiuliza barua taka hutoka nchi gani, jibu la kwanza ni mahali ilipo kompyuta iliyotuma. Hesabu za jibu hili zipo. Kwa mfano, kampuni ya Kaspersky ya Urusi ilisema kwamba katika mwaka 2023 karibu nusu ya barua pepe zote duniani zilikuwa taka, na kwamba karibu theluthi moja ya hizo zilitoka katika kompyuta zilizo Urusi kwenyewe, kisha zikafuata Marekani na China. Hesabu hizi ni za kweli, lakini zatueleza kompyuta zimekaa wapi. Hazituelezi ni nani azitumaye.

Jibu la pili ni mahali anapokaa atoaye amri, napo aghalabu ni kwingine kabisa. Tarehe 11 Novemba 2008 palitokea jambo lililowafundisha wengi. Watu walikuwa wakilalamikia barua taka kutoka nchi mbalimbali za dunia. Siku ile makampuni mawili ya Marekani yaliikatia intaneti kampuni moja ndogo iitwayo McColo, katika mji wa San Jose, California, ambamo mlikuwa na kompyuta kuu zilizotumiwa kuyaamrisha majeshi hayo. Mara hiyo barua taka za dunia nzima zilipungua zaidi ya nusu. Ulimwengu ulikuwa ukitazama mbali, na sauti ya amri ilikuwa katika nyumba moja ya Marekani. Baada ya miezi michache ziliongezeka tena, maana wenye majeshi walihamia kwingine.

Tena mwezi wa Machi 2011 kampuni ya Microsoft, kwa kibali cha mahakama, ililivunja jeshi lililoitwa Rustock. Kompyuta zake zilikadiriwa kufika milioni moja, zikiwa zimetawanyika duniani, nazo ziliweza kutuma barua bilioni 30 kwa siku. Kompyuta kuu zake zilikamatwa katika miji saba ya Marekani, lakini waliozikodi walidhaniwa kuwa Urusi. Katika mfano huu mmoja barua ilitoka nchi hii, amri ikatoka nchi ile, na mtu akawa nchi ya tatu.

Na hata mtu mwenyewe akipatikana, bado yafaa tuulize. Mwezi wa Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar, na wengine wapatao 100,000 huko Kambodia, huenda wamefungiwa katika majumba na kulazimishwa kutapeli watu kwa mtandao. Wengi waliitwa huko kwa ahadi ya kazi nzuri, wakanyang'anywa pasi za kusafiria. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Afrika Mashariki, na serikali ya Kenya ilibidi iwarudishe raia wake. Kwa hiyo yule abonyezaye herufi aweza naye kuwa mfungwa.

Mwalimu alipofika hapo, kijana wa Sumbawanga akanyosha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza muhula huu. Akauliza: "Mwalimu, yule mwenye kompyuta iliyoshikwa huko Brazili, je, ni mwizi?"

Mwalimu akajibu: "La. Huyo ameibiwa kabla yetu."

Kijana akasema: "Basi na bibi yangu si mwizi." Kisha akaketi.

Darasa lilinyamaza. Mwalimu alimwuliza kwa upole, naye akatusimulia. Wasomaji wajua kwamba tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na kitambulisho cha Taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Bibi yake, asiyejua kusoma, alisajili laini moja kwa kijana aliyepita kijijini. Kijana yule akamwambia, "Bibi, kidole hakijashika, weka tena." Akaweka tena, na tena. Miezi baadaye wazee wa kijiji walimwita na kumwonyesha kwamba ana laini tatu, na kwamba mojawapo imewatapeli watu. Bibi hakuwa amewahi kuziona. Alilia kwa siku nyingi, na mpaka leo haendi sokoni, kwa sababu ya macho ya watu.

Ndugu wasomaji, nilikumbuka jina la mwanamke lililotokea katika simu ya mama yangu, jina ambalo likizo nzima nimelilaani. Sisemi kwamba ni la bibi huyo, maana jina lilikuwa jingine. Lakini kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba huenda nalo ni la mama fulani aliyeambiwa "weka kidole tena". Kidole cha bibi yule na kompyuta ya Brazili ni jambo moja: mwizi hakujificha gizani, alijificha nyuma ya mtu mwema.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hii hutuonya tuchague marafiki, nami siipingi. Lakini tumeitumia vibaya tukihesabu mkoa mzima kuwa samaki waliooza. Wenzetu wa Kenya wanalo jina la Mulot, mji mdogo mpakani mwa Bomet na Narok, ambao umesikika sana kwa kukamatwa kwa watapeli wa simu. Lakini pale pia wapo walimu, wakulima na watoto wa shule kama sisi, nao hulibeba jina lile kila waendako. Ripoti za TCRA zina faida kubwa, kwa maana huwaonyesha wakubwa mahali pa kuanzia kutafuta. Mahali pa kuanzia kutafuta si mahali pa kumalizia hukumu.

Sasa nitaje mambo machache yawezayo kuwafaa wazazi wetu, maana kujua asili ya kitu pasipo kujua kinga yake hakutoshi.

Kwanza, ujumbe wowote uombao fedha usijibiwe kwa ujumbe. Mpigie mtu unayemjua kwa namba yake ya zamani, usikie sauti yake. Mama angempigia mjomba kwa dakika moja tu, fedha zingekuwapo.

Pili, ujumbe wa kitapeli usifutwe tu. Upeleke kwenye namba 15040, kisha utaulizwa namba ya aliyeutuma, uitaje, ili ishughulikiwe. Tukinyamaza, namba hiyo itakwenda kwa mama mwingine.

Tatu, kila mwenye simu apige *106# apate kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoijua, aende katika ofisi ya kampuni ya simu aikane. Na sisi vijana tuwafanyie hivyo babu na bibi zetu wakati wa likizo. Tena akiambiwa kidole hakijashika, aulize kwa nini.

Nne, katika kompyuta tusifungue faili tusilolitazamia, wala tusipakue programu za wizi kwa sababu ni za bure. Twaweza kuwa askari wa jeshi la mtu tusiyemjua, na barua zetu zikamliza mtu wa Brazili.

Na mwenye kupanga kufanya biashara hii ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imemtaja, pamoja na mwenye kughushi maelezo ya mtumaji.

Jambo la mwisho ni langu mwenyewe. Jioni ya siku ile nilikwenda na sahani yangu nikaketi karibu na mwenzangu wa Sumbawanga, nikamwomba radhi. Hakusema mengi. Alinisogezea chumvi. Jina lile silisikii tena bwenini, na ninaomba aliandikiaye gazeti hili asilisikie popote. Likizo ijayo nitamsomea mama yangu makala haya, hasa mahali palipoandikwa kwamba barua milioni 12 hutafuta mtu mmoja. Nataka ajue kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa yule mmoja, naye alipatikana kwa sababu saa ile alikuwa akimfikiria mwanawe.

Basi, mtu akiniuliza leo barua taka hutoka wapi, nitamjibu hivi: kompyuta ni ya mtu mmoja, jina ni la mwingine, amri ni ya wa tatu, na faida humwendea yule asiyeonekana. Kwa hiyo tusome mihuri kwanza, kabla ya kumwita mwenzetu mwizi.